Meza ya Kinshasa na Vijana wa Tshangalele

Tarehe 28 Julai 2023, Kinshasa ilifungua Michezo ya tisa ya Frankofonia katika Uwanja wa Martyrs. Awali michezo hiyo ilikuwa ifanyike Kanada mwaka 2021, katika miji ya Moncton na Dieppe, lakini jimbo la New Brunswick likajitoa mapema 2019 gharama zilipopanda, na kabla mwaka haujaisha Kongo ikawa imeipokea. Ikaahirishwa mara mbili, hatimaye ikafanyika. Hadi tarehe 6 Agosti watu waliona riadha, judo, mieleka, mbio za baiskeli, basketi ya wanawake, mpira wa miguu wa vijana, na tenisi ya meza.

Mjadala huu unahusu hiyo tenisi ya meza, hasa shindano la wanaume mmoja mmoja. Katika mpira wa miguu, mchezaji dhaifu husitiriwa na wenzake kumi. Mbele ya meza hana wa kumsitiri. Alichopewa na nchi yake na alichonyimwa vyote huonekana kabla seti ya pili haijaisha. Kwa sababu hiyo nauona mchezo huu kuwa kipimo kizuri cha swali linalotuudhi wengi huku jimboni Haut-Katanga: michezo mikubwa ya mataifa ikija nchini, kijana wa mbali anapata nini?

Mbali kwenyewe nimekuchagua Tshangalele. Ziwa hili la karibu na Likasi lilizaliwa na ukuta: mto Lufira ulizibwa pale Mwadingusha ili uzungushe mitambo ya umeme wa kampuni ya madini ya Union Minière, na mitambo hiyo ikaanza kazi 1930. Pembeni yake leo kuna Kapolowe na vijiji vya wavuvi, na samaki wake huliwa Likasi na Lubumbashi. Sauti nne zinazofuata nimezipanga mwenyewe. Hoja zao husemwa kila siku, kando ya ziwa na mjini, na pale ninapokubali au kukataa nitasema waziwazi.

MZEE, mstaafu wa kampuni ya madini ya Gécamines, mkazi wa Likasi: Nianze mimi, maana nimekula chumvi nyingi. Watu walituambia Kongo haiwezi. Walisema viwanja havitakamilika, wageni hawatafika, kutakuwa na aibu. Wageni wakafika. Pale Tata Raphaël, uwanja uleule ambapo bondia Ali alimpiga Foreman mwaka 1974, zikajengwa kumbi mpya za michezo ya ndani. Kumbi hizo hazikuondoka na wageni, zipo. Nchi inahitaji siku za kujionyesha, wanangu. Mtoto akimwona Mkongo mwenzake amevaa rangi za taifa, anashika raketi, kuna kitu kinaamka ndani yake.

MAMA, muuza samaki wa Kapolowe: Mzee, heshima yako iko palepale, lakini hesabu nazo zisemwe. Serikali yenyewe ilitaja zaidi ya dola milioni 300. Mimi nauza samaki kwa fungu. Huyo mtoto unayesema ameamka, ameamkia wapi? Hapa kwetu hata televisheni ya kumwonyesha huyo Mkongo mwenzake inategemea betri.

MZEE: Milioni hizo hazikwenda kwenye pingipongi peke yake, mama. Kuna majengo, kuna nyumba za wachezaji, kuna barabara.

MAMA: Barabara ya Kinshasa. Kutoka hapa kwenda huko ni zaidi ya kilomita 1,500, na njia ya uhakika ni ndege. Nionyeshe njia ya mtoto wangu.

Hapa Mama ana haki, na simtetei kwa huruma. Mashindano ya mataifa hujengwa kwenye mji mkuu kwa sababu hoteli na uwanja wa ndege viko huko, na hilo halina ubaya. Ubaya unaanza pale fedha yote ya mchezo inapoishia hukohuko, halafu tukaambiwa kwamba kuona tu kunatosha.

KIJANA, mvuvi: Mimi naomba nizungumzie mchezo wenyewe, maana ndio ninaocheza. Mwajua serikali ya jimbo hufunga uvuvi kila mwaka miezi ya mvua ili samaki wazae. Miezi hiyo nyavu zinalala, nasi tunakaa. Wengine wanakwenda kuchimba, wengine wanachoma makala. Sisi tuliobaki tunacheza kwenye meza ya saruji. Wavu wetu ni ubao uliosimamishwa juu ya matofali. Raketi ni mbao nyembamba tuliyoikata kwa kisu. Mpira mmoja tunaucheza mpaka upasuke, na ukipasuka tunangoja mtu aende Likasi.

MZEE: Si unaona? Mnacheza! Kipaji hakingoji ukumbi.

KIJANA: Tunacheza, mzee, ila upepo wa ziwa ndio unaoshinda. Mpira huu ni mwepesi sana. Nikipiga vizuri, upepo unaupeleka nje. Nikikosea, upepo unaurudisha mezani. Hatimaye hujui nani ana ufundi na nani ana bahati. Na hiyo miezi tuliyo na nafasi ndiyo miezi ya mvua. Meza iko nje.

MWALIMU wa michezo, sekondari: Mpira una gramu 2.7 na kipenyo cha milimita 40. Upepo wowote unaucheza kabla yako. Lakini kijana, upepo ni tatizo dogo kuliko hiyo raketi yako ya ubao. Nataka tuitazame kwa karibu, kwa sababu watu wanadhani mchezo huu ni kurudisha mpira upande wa pili.

KIJANA: Nakusikia, mwalimu.

MWALIMU: Raketi ya mashindano ina raba pande zote mbili, na chini ya raba kuna sponji. Raba, sponji na gundi havizidi milimita 4. Hizo milimita 4 ndizo mchezo wenyewe. Mchezaji anaporusha mpira juu, angalau sentimita 16 kama sheria inavyotaka, anaushusha raketi ikiwa imelala, akiukwangua chini yake. Raba inaung'ang'ania kidogo sana, mpira unatoka ukijizungusha kwa nyuma. Unavuka wavu taratibu, unaonekana mlaini, unakualika uupige. Ukiupiga kama mpira wa kawaida, unaporomoka wavuni. Servisi ya pili anafanya mkono uleule, lakini mara hii ameukwangua kwa upande wa juu. Wewe umejifunza, unauinua. Unaruka nje ya meza. Pointi mbili, na hujaelewa kilichotokea.

KIJANA: Kwa ubao wetu mpira haujizungushi hivyo.

MWALIMU: Ndivyo. Ubao mkavu hauung'ang'anii mpira. Kwa hiyo unaweza kucheza miaka kumi kando ya ziwa, ukawa bingwa wa Kapolowe yote, na usiwe umekutana hata mara moja na ule mpira unaochezwa Kinshasa. Seti ni pointi 11 tangu 2001. Zamani zilikuwa 21, mtu alikuwa na nafasi ya kuzoea. Sasa ukishangaa kwa servisi tano seti imekwisha. Ndiyo maana watu wakimwona mchezaji wetu anafungwa 11 kwa 3 wanasema hana moyo. Moyo anao. Alichokosa ni raba, na ameikosa tangu utotoni.

Maneno haya ya Mwalimu ndiyo niliyotaka yasikike kuliko yote katika mjadala huu. Tumezoea kuhesabu umaskini wa michezo kwa viwanja. Kwenye tenisi ya meza, umbali kati ya kijana wa Tshangalele na mchezaji wa taifa lenye klabu nzuri ni kipande cha raba kinachoweza kutiwa mfukoni. Hakuna mchezo mwingine wa mataifa ambao kizuizi chake ni kidogo na rahisi kuondoa kiasi hiki, na kwa sababu hiyo naona kukiacha ni dhambi kubwa zaidi.

MZEE: Mwalimu, mimi nilikulia kambi ya Union Minière, baadaye ikawa Gécamines. Kampuni ilikuwa baba na mama. Shule yake, hospitali yake, unga wake. Na serkle yake, yaani klabu ya wafanyakazi, ambapo ukitoka kazini kiwanda cha Shituru unakuta watu wanacheza. Likasi ilitoa klabu ya mpira wa miguu ya Panda B52, nchi nzima ikaijua. Sikatai kwamba kampuni ilifanya hivyo kwa faida yake, ilitaka mfanyakazi asinywe, asigome. Lakini paa lilikuwapo, taa zilikuwapo, na mtu wa kufundisha alikuwapo. Kwa hiyo usiniambie sijui maana ya ukumbi. Ninachosema ni kwamba Michezo ya Kinshasa inaweza kurudisha hamu ile.

MAMA: Serkle hiyo ilifika Kapolowe?

MZEE: Ilikuwa ya wafanyakazi wa kampuni, mama.

MAMA: Basi hata zamani sisi wa ziwani tulikuwa nje. Ziwa walilitengeneza wao, umeme wakachukua wao. Leo pia. Mitambo ya Mwadingusha imetengenezwa upya, tumeona magari yakipita, na tangu 2021 umeme wake unakwenda kwenye gridi kwa ajili ya mgodi wa Kamoa-Kakula huko upande wa Kolwezi. Megawati 78, wanasema. Nyaya zinapita juu yetu. Vijiji vingi hapa usiku ni giza. Ukumbi wenu mtauwasha kwa nini?

MWALIMU: Kwa sola. Taa nne za ukumbi si mgodi.

MAMA: Na kabla ya ukumbi kuna jambo lingine. Maji ya viwanda vya Likasi yanateremka kwa mito mpaka humu ziwani. Watu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipima mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakatangaza mwaka 2009 kwamba kobalti ndani ya miili yao ni nyingi kupita kiasi. Mimi samaki huyu namuuza, na huyuhuyu ndiye ninayempika kwa bukari, ugali wetu, nyumbani. Nanyi mnanijia na raba ya milimita 4. Mtoto mgonjwa hachezi.

Hoja hii Mwalimu hakuijibu kwa haraka, na isingefaa ijibiwe kwa haraka. Kuna watu wanaopenda michezo ambao wakisikia habari ya maji na afya husema kwamba hayo ni ya wizara nyingine. Mimi siko nao. Hata hivyo sikubali pia kwamba mtoto anayeishi penye maji machafu aambiwe angoje maji yasafishwe ndipo acheze. Miaka yake ya kujifunza mkono ni ile ya utoto. Akiambiwa angoje, amenyimwa mara mbili.

MWALIMU: Mama, sisemi ukumbi badala ya maji. Nasema hela ya vyote viwili inatoka mfuko mmoja, na mfuko huo si wa Kinshasa.

MZEE: Mfuko gani huo?

MWALIMU: Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018. Kila kampuni inayochimba inapaswa kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoguswa na mradi. Kampuni ikiuza kwa dola milioni 100 kwa mwaka, hiyo ni dola 300,000. Mbali na hapo kuna ushuru wa madini: serikali kuu inachukua asilimia 50, jimbo 25, mfuko wa vizazi vijavyo 10, na asilimia 15 inabaki kwa komuni, sekta au cheferi ambako madini yanatoka. Na kuna kaye de sharje, ambamo kampuni inaandika ahadi zake kwa wenyeji, shule hii, kisima kile. Nani kati yetu amewahi kusikia meza ya michezo imeandikwa humo?

KIJANA: Wanaandika uwanja wa mpira wa miguu. Magoli mawili ya chuma, basi.

MWALIMU: Kwa sababu goli linaonekana barabarani na mkubwa anaweza kupigwa picha akipiga penati. Meza ya kawaida ya klabu inauzwa chini ya bei ya pikipiki mpya. Meza nne, raketi ishirini zenye raba, mipira ya mwaka mzima, na darasa moja lenye kuta na paa zima. Hakuna kampuni ambayo ingeihisi hiyo hela ikitoka. Na Wachina wenyewe walio kwenye migodi yetu wanaujua mchezo huu kuliko taifa lolote. Wakiombwa kwa maandishi, watakuwa wanaombwa kitu wanachokipenda.

MZEE: Lakini hata hiyo meza, bila jambo la kutazamia mbele, itageuka ya kuanikia nguo. Watu hufanya mazoezi kwa sababu kuna shindano. Rudini kwenye hoja yangu: Kinshasa ilikuwa lazima.

MWALIMU: Shindano ni lazima, nakubali kabisa. Lakini moja kila miaka minne au mitano, linalohama kutoka nchi hadi nchi? Mtazame Quadri Aruna, Mnigeria kutoka Oyo. Rio 2016 alimtoa Chuang Chih-yuan wa Taiwani, akamtoa Timo Boll wa Ujerumani, akawa Mwafrika wa kwanza kufika robo fainali ya Olimpiki katika mashindano ya mtu mmoja mmoja. Huko akakutana na Ma Long, aliyekuja kuchukua dhahabu. Mwaka 2022 akaingia kumi bora duniani. Omar Assar wa Misri naye amefika robo fainali Tokyo, na tena Paris 2024. Nyuma ya Wanigeria kuna nini? Lagos wana Kombe la Asoju Oba tangu 1968. Kombe la mji! Watoto wanalijua, wanalingoja, wanafungwa mwaka huu wanarudi mwaka ujao. Na Lagos hiyohiyo ndiko tenisi ya meza ilikoingia Michezo ya Afrika, mwaka 1973. Wana nusu karne ya makombe madogo. Kombe dogo linalorudi kila mwaka linamjenga mchezaji. Michezo mikubwa inakuja kumpima tu.

MZEE: Hilo nimelipokea. Kumpima bila kumjenga si haki.

Mzee hakushindwa hapo, na naomba msomaji asimhesabu kuwa ameshindwa. Bila Kinshasa 2023 tusingekuwa na mazungumzo haya. Wapo vijana wa Kongo waliosimama mbele ya meza zile, nyumbani, watu wakiwashangilia kwa Kilingala na Kiswahili, na jambo hilo lina thamani ambayo sitaki kuipunguza. Lakini naungana na Mwalimu: shindano la mataifa ni kama mzani wa sokoni, unasema uzito uliouleta, hauongezi. Tuliowaleta Kinshasa ni wachache mno, kwa sababu hapakuwa na ngazi ya kutosha kati ya kijiji na taifa. Sijasikia shindano la Kapolowe, wala la teritwari ya Kambove, wala la Likasi dhidi ya Lubumbashi, umbali wa kilomita 120 hivi ambao basi linaumaliza asubuhi moja.

KIJANA: Likasi dhidi ya Lubumbashi ningekwenda hata kwa baiskeli.

MAMA: Muda wote mnasema kijana, mwanaume mmoja mmoja. Binti yangu anawafunga hao wavulana kwenye hiyo meza ya saruji, tena akiwa na beseni linamsubiri. Sijasikia jina lake hapa.

MWALIMU: Umetukamata, mama. Frankofonia iliweka shindano la wanawake pia. Mimi mwenyewe shuleni nilikuwa naweka wavulana mezani na wasichana kuwahesabia pointi. Hilo litabadilika.

MAMA: Libadilike kwanza, ndipo uniambie. Sasa sikilizeni. Mkutano wa kaye de sharje ukiitwa, sisi akina mama wa soko tutakwenda. Tumeshasema tutakwenda. Jambo la kwanza tutakaloandikisha ni maji ya kisima na kupimwa kwa samaki, na matokeo yasomwe kwa Kiswahili, hadharani. La pili, huo ukumbi wenu.

MWALIMU: La pili ni sawa.

MAMA: Hujanisikia mpaka mwisho. Hautakuwa wa Kapolowe peke yake. Kuna vijiji vya ng'ambo ya ziwa, watoto wao wanavuka kwa mtumbwi kuja shule. Meza moja ikae huko. Na funguo zisikae kwa mkubwa yeyote, maana tunajua ukumbi wenye funguo kwa mkubwa unavyokuwa ghala la saruji yake.

MZEE: Funguo zikae kwa nani?

MAMA: Kwa mwalimu mmoja na mama mmoja. Wote wawili.

KIJANA: Na wakati wa kufungwa uvuvi, ukumbi ufunguliwe kutwa nzima. Miezi mingine jioni inatosha. Halafu, mama, kwenye ile orodha msiandike raketi tu. Mkiandika raketi watatuletea zile za plastiki za kuchezea watoto. Andikeni raketi zenye raba, upande mmoja nyekundu na mwingine nyeusi, na raba za kubadilisha zikichakaa.

MWALIMU: Zinachakaa haraka. Kila mwaka tutahitaji mpya.

MAMA: Nasema polepole, wewe andika, mwalimu. Raba, za kubadilisha, kila mwaka. Ngapi?